Mwalimu Mkuu Anapoingia Darasani: Mwongozo wa Kusimamia Ufundishaji Hadi Uonekane kwenye Daftari la Mtoto

Mwalimu mkuu hafundishi watoto wote wa shule yake. Hata akiwa na vipindi vyake vichache kwa wiki, mtoto wa darasa la pili atajua kusoma au hatajua kutokana na yule anayesimama mbele yake kila asubuhi. Usimamizi wa kiongozi humfikia mtoto kwa kupitia kwa mwalimu, na hapo ndipo shule nyingi hukwama. Kama ziara zako za darasani hazijabadilisha namna mwalimu anavyouliza swali, anavyosahihisha au anavyomrudia mtoto aliyeachwa nyuma, matokeo hayana njia ya kubadilika, hata ujaze majalada kabati zima.

Kwamba usimamizi unaweza kuleta tofauti, ushahidi upo. Mwaka 2008 Viviane Robinson na wenzake walikusanya tafiti zilizolinganisha aina za uongozi wa shule na matokeo ya wanafunzi. Uongozi unaojishughulisha na ufundishaji wenyewe ulikuwa na athari kubwa mara tatu hadi nne kuliko ule unaotegemea hamasa na maono. Lakini si kila usimamizi una nguvu hiyo, na upo unaopoteza muda wa kila mtu. Mwongozo huu ni wa mwalimu mkuu, msaidizi wake na mwalimu wa taaluma, yaani wale ambao kuingia darasani kwa mwenzao ni sehemu ya kazi yao.

Hatua ya 1: Anza na madaftari ya wanafunzi

Viongozi wengi huanza na maazimio ya kazi na maandalio ya masomo: yakusanywe Jumatatu, yapigwe muhuri, yarudishwe. Sisemi yaachwe. Ila andalio linaonyesha alichokusudia mwalimu, na daftari linaonyesha kilichomfikia mtoto. Muhuri haujawahi kumfundisha mtu kugawanya.

Chagua somo moja na darasa moja. Fungua daftari la mahudhurio, weka alama kwenye majina sita: mawili ya watoto wanaofanya vizuri, mawili ya kati, mawili ya chini. Taja majina hayo wewe mwenyewe. Ukimwambia mwalimu akuletee madaftari yoyote, atakuletea yale yaliyojaladiwa.

Kisha soma. Kwanza tarehe. Ikiwa Hisabati ina vipindi vitano kwa wiki, wiki nne zina vipindi ishirini. Daftari lenye kazi za siku tisa linakupa swali la kuuliza. Swali tu, si hukumu, maana kuna vipindi vya mazungumzo, michezo na vitendo visivyoacha maandishi. Pili, usahihishaji. Tazama kama vema imewekwa kwenye jibu lenye kosa, kama ukurasa mzima umechorwa mstari mmoja mwekundu bila kusomwa, na kama mtoto aliyekosa alirudia masahihisho. Tatu, aina ya kazi. Kurasa zote zikiwa ni sentensi zilezile katika madaftari yote sita, ujue watoto wananakili kutoka ubaoni, na hujui bado nani anaelewa.

La nne ndilo lenye thamani kuliko yote: kosa linalojirudia. Tuseme katika madaftari sita, manne yana 1/2 + 1/3 = 2/5. Mtoto mmoja akikosa hivyo, huenda hakusikiliza. Wanne wakikosa kwa namna moja, wamejifunza kitu hicho mahali fulani, na mahali hapo ni kwenye kipindi. Hapo una jambo mahususi la kwenda kuliangalia darasani, badala ya kwenda "kukagua" tu.

Kwa madarasa ya chini, ongeza zoezi moja. Ita watoto watatu wanne, mmoja mmoja, wakusomee. Usiwape ukurasa wa kitabu cha kiada walichokwisha kukisoma. Mtoto anaweza kukariri ukurasa mzima kwa kuusikia ukiimbwa darasani, akapitisha kidole kwenye mistari na kukuvika kilemba cha ukoka. Andika sentensi tano mpya kwa mkono wako, zenye maneno anayoyajua, kisha muulize zinasema nini. Ndani ya dakika kumi utakuwa umejua zaidi kuliko wastani wowote wa mtihani wa mwezi unavyoweza kukuambia.

Hatua ya 2: Hakikisha kipindi kinafundishwa

Hakuna maana ya kuboresha kipindi ambacho hakipo. Utafiti mkubwa wa nchi saba za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta kwamba walimu hawakuwa darasani kwa asilimia 44 ya muda waliopaswa kufundisha. Waliokosekana shuleni kabisa walikuwa asilimia 23. Fanya hesabu: karibu nusu ya utoro huo ni wa mwalimu aliyefika shuleni, akasaini, na yumo ndani ya uzio. Siku iliyopangwa kuwa na saa 5 na dakika 27 za masomo ilimpa mtoto chini ya saa 3 za kufundishwa.

Kwa wiki moja, pita kwenye veranda dakika ya kumi baada ya kipindi kuanza, kila siku kipindi tofauti. Andika jambo moja tu kwa kila darasa: mwalimu yupo, hayupo, au yupo lakini hafundishi. Mwisho wa wiki kaa na orodha hiyo na mwalimu wa taaluma, mwulizane kila pengo lilitokana na nini.

Usishangae orodha ikikurudia wewe. Mwalimu aliitwa ofisini kujaza fomu. Mwingine alitumwa kupokea mgeni. Kikao cha "dakika tano" kilikula kipindi cha tatu chote. Wawili walikuwa ofisi ya walimu wakisahihisha, kwa sababu darasa lina watoto wengi na hakuna muda mwingine. Kabla ya kuandika barua kwa yeyote, ondoa zile sababu zilizo mikononi mwako: vikao viwe baada ya masomo, ujumbe kwa mwalimu usubiri mapumziko, na ruhusa yoyote inayojulikana mapema iambatane na jina la atakayeshika darasa pamoja na kazi ambayo watoto watafanya. Mwalimu akiona mwalimu mkuu mwenyewe ameacha kumtoa darasani, maneno ya kumwambia juu ya kulinda muda hupungua sana.

Lakini zoezi hili la veranda lisigeuke kuwa ndiyo usimamizi wako. Watafiti Jason Grissom, Susanna Loeb na Benjamin Master waliwafuatilia wakuu wa shule karibu 100 katika wilaya ya Miami-Dade, Marekani, wakiandika kila walichofanya kwa siku nzima. Matokeo yao ya mwaka 2013 yaliwakera wengi: muda wa kuwanoa walimu uliendana na ukuaji wa matokeo ya wanafunzi, ilhali muda wa kupitapita madarasani ukichungulia uliendana na matokeo duni, hasa katika sekondari. Kuchungulia hukupa habari. Usipoifanyia kazi, umemtia mwalimu wasiwasi bure.

Hatua ya 3: Chagueni jambo moja la muhula

Kaa na walimu, weka mezani yale uliyoyaona kwenye madaftari, mchague jambo moja. Kusoma kwa ufahamu darasa la tatu, kwa mfano, au hesabu za mafumbo kuanzia la nne. Liandikwe kwa namna ambayo mtu wa nje anaweza kuja kulipima: "Ifikapo mwisho wa muhula, kila mtoto wa darasa la tatu asome aya fupi asiyoijua na kujibu maswali matatu juu yake." Lengo la "kuinua kiwango cha taaluma" halipimiki na wala halimwambii mwalimu afanye nini kesho asubuhi.

Walimu wa masomo mengine wasitengwe. Ufahamu wa kusoma unafundishwa hata kwenye Sayansi.

Hatua ya 4: Panga ziara chache unazoweza kuzitimiza

Ratiba za ziara nyingi hufa wiki ya tatu kwa sababu zilipangwa kwa tamaa. Piga hesabu kwa ukweli. Shule ina walimu 14. Ukiweza vipindi vitatu kwa wiki, kila mmoja utamwona mara moja katika wiki tano hivi, yaani mara mbili kwa muhula, na hiyo haitoshi kubadilisha chochote. Mkiwa watatu, wewe, msaidizi wako na mwalimu wa taaluma, kila mmoja akichukua vipindi vitatu, mna ziara tisa kwa wiki. Sasa kila mwalimu anaweza kuonwa kila baada ya wiki mbili.

Shule ndogo ambako mwalimu mkuu naye ana mzigo kamili wa vipindi haina anasa hiyo. Hapo ni afadhali uchague walimu wanne kwa muhula, uwatembelee mara nyingi, kuliko kuwagusa wote mara moja moja. Anza na madarasa ya chini. Mtoto asiyejua kusoma akifika la nne, kila somo linamfunga mlango, na mwalimu wa la saba hawezi kuziba pengo la miaka mitatu kwa masomo ya ziada. Ajabu ni kwamba shule nyingi hufanya kinyume: mwalimu hodari na macho ya uongozi yote huelekezwa darasa la mtihani.

Weka ziara kwenye shajara kama unavyoweka kikao na afisa elimu. Mzazi akija muda huo, asubiri.

Hatua ya 5: Ongea na mwalimu kabla ya kipindi

Dakika tano zinatosha. Muulize mambo matatu: watoto wanapaswa kujua nini kipindi kikiisha, wapi anahisi watakwama, na angependa umwangalizie nini. Hilo la tatu usiliruke. Mwalimu aliyekuomba umtazamie kama wasichana wanapata nafasi ya kujibu, au kama maelezo yake yanaeleweka huko nyuma, atasikiliza utakachosema kwa sababu ni jibu la swali lake.

Ziara ya kushtukiza ina kazi yake, ile ya kujua nani yupo. Kwa kuboresha ufundishaji haina faida kubwa. Unachotaka kuona ni uwezo wake akiwa amejiandaa. Kama hata akijiandaa watoto hawaelewi, hapo ndipo penye kazi.

Hatua ya 6: Ukiwa darasani, tazama watoto

Kaa pembeni ambapo unaona nyuso. Ukikaa nyuma kabisa, utaona visogo vya watoto na uso wa mwalimu, na utajikuta umeandika habari za mwalimu tu: mwandiko wa ubaoni, mavazi, sauti. Hayo ni rahisi kuyaona na yana uzito mdogo.

Andika unachokiona na kukisikia. Maoni yako yaache kwanza. "Darasa halikushirikishwa vya kutosha" ni maoni, na mwalimu ana haki ya kuyakataa. "Mwalimu ameuliza maswali 14. Kumi na moja yamejibiwa na watoto wa madawati mawili ya mbele. Matatu yamejibiwa kwa pamoja na darasa zima" hayo hayana ubishi.

Mambo manne yanatosha kwa kipindi kimoja. Nani anajibu? Maswali yanataka nini, kukumbuka neno au kueleza sababu? Mwalimu anasubiri muda gani baada ya kuuliza? Mary Budd Rowe alipochunguza jambo hili la mwisho nchini Marekani, alikuta walimu wakisubiri kama sekunde moja tu kabla ya kujibu wenyewe au kumtaja mwingine. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na waliokuwa kimya walianza kusema. Sekunde tatu za ukimya ni ndefu mno ukiwa mbele ya darasa. Zihesabu ukiwa umekaa, utaona. La nne: mwalimu anajuaje kwamba wameelewa? Akiuliza "Tumeelewana?" na darasa likaitikia "Ndiyooo!", hajajua kitu.

Watoto wanapofanya zoezi, inuka taratibu upite kati yao, hasa walioketi mbali na mwalimu. Tazama wanachoandika. Usisahihishe, usimkosoe mwalimu, na kwa namna yoyote ile usichukue chaki. Mwalimu mkuu akimnyang'anya mwalimu somo mbele ya watoto, amemvunjia heshima ambayo atahitaji miezi kuijenga upya.

Hatua ya 7: Mazungumzo baada ya kipindi

Ukilazimika kupunguza kitu katika mwongozo huu wote, punguza kingine, hiki kiache. Mtoto hafaidiki na ziara yako mpaka mwalimu atoke kwenye mazungumzo haya na jambo jipya la kujaribu.

Yafanyeni siku hiyohiyo au kesho yake, kabla kumbukumbu haijapoa. Msikae ofisini kwako kama mna nafasi kwingine. Meza ile kubwa yenye bendera na mafaili inamfanya mtu ajitetee hata kabla hujasema neno. Darasa tupu, watoto wakiwa mapumziko, linafaa zaidi, na madaftari yako palepale.

Turudi kwenye lile kosa la 1/2 + 1/3 = 2/5, na mwalimu anayefundisha hesabu hizo za sehemu. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Asante kwa kunipokea, Mwalimu. Lile swali la tatu la zoezi, uliona walilijibuje?

— Vizuri, Mkuu. Nilipouliza, walijibu.

— Nilipita safu ya nyuma. Wanne kati ya watano waliandika 2/5. Haya hapa madaftari yao. Unadhani walifikiria nini?

— Wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini.

— Na aliyejibu kwa sauti alipata.

— Yule anajua. Alivyopata nikadhani wote wako naye.

— Sasa kesho utajua vipi, mapema, kwamba wengine hawapo naye?

— Labda niwape swali moja tu, waandike, nipite kabla sijaendelea mbele.

— Jaribu hilo. Alhamisi kipindi cha pili nitaingia robo saa, niangalie hapo tu.

Angalia kilichofanyika. Mwalimu mkuu hakusema "umekosea". Alileta maandishi ya watoto, akamwachia mwalimu asome mwenyewe. Suluhisho limetoka kwa mwalimu, na ni moja. Hakuna orodha ya mapendekezo kumi na mawili, ambayo kwa kawaida husainiwa pande zote mbili na kusahaulika kabla ya chakula cha mchana. Na siku ya kurudi imetajwa.

Sifa nazo zina mahali pake. Kuna viongozi wanaoogopa kusifu kwa hoja kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tatizo si sifa, ni sifa isiyo na mwili. "Kipindi kizuri, hongera" haimfundishi mtu kitu. "Ulipomwomba yule binti aeleze alivyopata jibu, watoto watatu walifuta wakarekebisha yao" inamwambia jambo la kurudia kesho.

Pia kuna suala la umri, ambalo miongozo mingi hulikwepa. Mwalimu mkuu kijana atamkagua mwalimu aliyefundisha kabla yeye hajazaliwa, pengine aliyemfundisha yeye mwenyewe. Hapa heshima itangulie, na kwa kweli inasaidia kazi. Mwombe kwanza akuruhusu uone anavyofundisha mada ambayo vijana inawashinda. Muulize anavyoiona. Mzoefu akijua hujaja kumpima cheo, mara nyingi ndiye wa kwanza kukuonyesha kosa ambalo wewe hukuliona. Lakini ushahidi wa daftari usiufiche kwa sababu ya mvi. Mtoto asiyeelewa haongezewi ufahamu na miaka ya kazi ya mwalimu wake.

Na usichanganye mafaili. Mazungumzo haya yakianza kutumika kwenye tathmini ya kupandishwa daraja au kwenye kesi ya nidhamu, siku hiyohiyo walimu wataacha kukuonyesha udhaifu wao. Wataanza kukuandalia vipindi vya maonyesho, vile ambavyo watoto walishavifanyia mazoezi jana. Utoro na ulevi vina taratibu zake za kisheria. Vishughulikie kwa njia hizo, kwa karatasi tofauti, siku tofauti.

Hatua ya 8: Rudi ulikosema utarudi

Ziara ya pili iwe fupi na iangalie jambo moja mliloafikiana. Alijaribu? Watoto walifanya nini? Kama imefaa, chagueni lingine. Kama haikufaa, huenda wazo lilikuwa sahihi ila lilihitaji kuonyeshwa, basi mpeleke kwa mwenzake anayelifanya vizuri akae aone.

Afrika Kusini, katika jimbo la North West, serikali na watafiti waliwapa walimu wa madarasa ya mwanzo maandalio yaleyale ya kufundisha kusoma Kisetswana. Kundi moja lilipata semina, lingine lilitembelewa darasani na mkufunzi mara kwa mara. Baada ya miaka miwili, ukilinganisha na shule ambazo hazikupewa msaada huo, faida waliyopata watoto wa walimu waliotembelewa ilikuwa karibu maradufu ya ile ya kundi la semina. Vifaa vilikuwa vilevile, tofauti ni mtu aliyerudi darasani.

Hatua ya 9: Kaa chini ujifunze pamoja nao

Katika uchambuzi ule wa Robinson, kilichokuwa na uhusiano mkubwa kuliko vyote na matokeo ya wanafunzi ni kiongozi kuendesha mafunzo ya walimu na yeye mwenyewe kushiriki. Kushiriki maana yake ni kuketi. Mwalimu mkuu anayefungua semina ya ndani kwa hotuba kisha "akaomba udhuru" hakushiriki.

Tengeni saa moja kila wiki mbili. Leteni madaftari, si mada za jumla. Swali la mezani liwe: kosa hili linatoka wapi, na nani kati yetu amewahi kulimaliza? Zamu ya kuongoza izunguke. Na wewe siku moja ufundishe kipindi, wenzako wakuangalie na kuandika kama ulivyowaandikia wao. Hakuna kinachoondoa hofu ya ziara haraka kama kumwona mwalimu mkuu akisahau kusubiri sekunde tatu.

Hatua ya 10: Pima kama watoto wamesogea

Usipime usimamizi kwa idadi ya ziara. Ni rahisi kufikisha ziara arobaini bila mtoto mmoja kujifunza kusoma.

Mwanzoni mwa muhula wape watoto jaribio fupi la lile lengo mlilochagua. Mwishoni wape lingine la ugumu uleule. Mtihani wa muhula wa kwanza na wa pili haulinganishwi kirahisi, kwani mada na ugumu hubadilika, na wastani kupanda kutoka 48 hadi 55 huenda maana yake ni kwamba karatasi ilikuwa nyepesi. Tazama pia kilicho chini ya wastani: watoto wangapi walikuwa hawasomi kabisa, sasa wamebaki wangapi? Wastani unaweza kupanda kwa sababu watatu wa juu wamezidi kung'aa, na ishirini wa chini wako palepale.

Tegemea mabadiliko kwa mpangilio wake. Matthew Kraft na wenzake, katika uchambuzi wa tafiti 60 uliochapishwa mwaka 2018, walikuta kuwanoa walimu darasani kunabadilisha ufundishaji kwa kiasi cha karibu nusu ya mchepuko sanifu (kipimo cha kitakwimu cha jinsi alama zinavyotawanyika), na matokeo ya wanafunzi kwa 0.18 tu ya kipimo hicho. Ufundishaji hubadilika kwanza na kwa wingi zaidi. Alama hufuata nyuma, kidogo kidogo. Kwa hiyo mwezi wa pili tangu uanze, angalia madaftari na maswali ya darasani. Alama ziangalie mwisho wa mwaka.

Alama zisiposogea

Ikiwa mihula miwili imepita na jaribio halionyeshi kitu, kagua kwa utaratibu huu. Kwanza muda: fanya tena zoezi la veranda, huenda vipindi vimeanza kuvuja upya. Pili, soma kumbukumbu zako za ziara. Kama kila ziara ina ushauri mpya na hakuna mahali palipoandikwa "nimerudi, amefanya", ulikuwa unatoa mapendekezo tu. Tatu, angalia kama ushauri wenyewe unagusa kosa la watoto. Mwalimu anaweza kutundika chati, kupanga vikundi na kupigiwa makofi, ilhali watoto wanaendelea kujumlisha juu kwa juu.

Nne, toka nje ya mwalimu. Mtoto asiyeona ubaoni, anayefundishwa kwa lugha asiyoielewa, anayekosa siku mbili kila wiki, au anayekaa kwenye darasa la watoto tisini na kitabu kimoja kwa watoto kumi, hataokolewa na mbinu ya kuuliza maswali peke yake. Orodhesha watoto wa namna hiyo kwa majina, upeleke orodha kwa wazazi na kamati ya shule, na kwa ofisi ya elimu inayokusimamia. Iambatanishe na nakala za madaftari yao. Ombi la vitabu lenye kurasa za watoto nyuma yake ni gumu kulirudisha kuliko lile lenye wastani wa asilimia.

Tano, na hili liwe la mwisho, yule mwalimu ambaye ametembelewa, ameonyeshwa, amepewa muda na bado hajaribu. Sasa ndipo faili lile lingine linafunguliwa, akiwa anajua tangu mwanzo kwamba lipo.